Deni lilitunyima leseni ya Afrika: mashabiki wa K'Ogalo, tuujadili uwanja wa Talanta na deni la taifa

Mwana Kaloleni

Mashabiki wenzangu, salamu kwenu nyote, wa Gor Mahia, yaani K'Ogalo yetu, na hata mashemeji wa AFC Leopards, wapinzani wetu wa jadi. Mimi ni mzaliwa wa Kaloleni na nimeishabikia K'Ogalo tangu siku ambazo marehemu baba alinibeba mabegani tukiingia City Stadium. Leo nataka tuzungumzie madeni mawili ambayo huwa tunayajadili kila moja mahali pake, yaani deni la klabu yetu na deni la taifa letu. Nimeyaweka pamoja kwa sababu uwanja wa Talanta ulio kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi umeyakutanisha, na kwa sababu naamini kwamba shabiki wa mpira wa Kenya analifahamu deni kuliko anavyodhaniwa na wale wanaosoma bajeti bungeni.

Kumbukeni msimu wa 2022/23. Tulitwaa ubingwa wa Ligi Kuu, ukawa wa 20 katika historia yetu, tukaimba kutoka uwanjani hadi mjini. Kisha tukaambiwa kwamba hatungeshiriki Ligi ya Mabingwa Afrika, kwa kuwa klabu haikutimiza masharti ya leseni: walikuwapo wachezaji na makocha wa zamani ambao hawakuwa wamelipwa haki zao. Kombe lilikuwa kabatini, lakini nafasi tuliyoipigania kwa msimu mzima ilikuwa imeliwa na mikataba iliyotiwa saini na watu ambao wengi wetu hatukuwajua, kwa masharti ambayo hatukuwahi kusomewa. Na hilo halikuwa la kwanza, kwa maana FIFA ilikuwa imetupiga marufuku ya kusajili wachezaji kwa sababu hiyo hiyo.

Tawi letu lina daftari lenye jalada jekundu ambalo mweka hazina huliandikia michango. Mwaka ule nilisoma kurasa zake moja baada ya nyingine: shilingi 200 za muuza mboga, 500 za dereva wa matatu, 100 za mwanafunzi. Michango ile yote tuliyoikusanya kwa upendo haikutosha hata kugusa deni la mchezaji mmoja. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba deni halionekani siku ya kuinua kombe. Huonekana siku unapotaka kusonga mbele ukakuta mlango umefungwa.

Sasa nije kwenye Talanta. Mwezi Julai 2025 hatifungani ya uwanja huo, yaani hati ya mkopo inayouzwa kwa wawekezaji, iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Inaitwa Linzi, thamani yake ni takriban shilingi bilioni 44.79, muda wake ni miaka 15, na walioinunua wameahidiwa faida ya asilimia 15.04 kwa mwaka isiyokatwa kodi. Fedha za kuwalipa zinatarajiwa kutoka katika Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, na hazina hiyo hulishwa na kodi za kamari, bahati nasibu na michezo mingine ya kubahatisha. Yaani serikali haikukopa kwa njia tuliyoizoea. Imeuza leo mapato ya kesho, nayo mapato yenyewe yanatoka mifukoni mwa vijana tunaokaa nao jukwaani.

Deni la taifa lilikuwa limepita shilingi trilioni 11.8 kufikia Juni 2025. Ninauliza kama mkopo huu wa uwanja uhesabiwe ndani ya mzigo huo au nje yake, na ninauliza ni nani hasa atakayeulipa. Naomba tujadiliane kwa utulivu.

Mzee wa Themanini na Saba

Mwanangu, umeandika jambo zito na umeliandika kwa heshima. Mimi nilikuwa katika uwanja wa Kasarani mwezi Desemba 1987 tulipotoka sare ya 1-1 na Espérance ya Tunisia baada ya sare ya 2-2 kwao, tukalichukua Kombe la Mandela kwa faida ya mabao ya ugenini. Nilimwona nahodha Austin Oduor akilipokea, nilimwona Peter Dawo akitembea kama mtu aliyebeba nchi nzima begani. Uwanja ule ulikuwa mpya kabisa, umejengwa kwa msaada wa China kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka huo huo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza umegharimu kiasi gani.

Lakini nataka kusema upande wa pili kabla hamjauhukumu uwanja mpya. Mwaka 2024 timu yetu ya taifa ilicheza mechi zake za nyumbani ugenini. Tulimkaribisha Burundi na Ivory Coast mjini Lilongwe, Malawi, na Zimbabwe tukamkaribisha Namboole, Uganda, kwa sababu viwanja vyetu havikuwa vimeidhinishwa. Nilitazama kwenye televisheni wimbo wa taifa letu ukipigwa mbele ya viti vitupu vya nchi ya watu, nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu nianze kufuata mpira. Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba Kenya haihitaji uwanja. Inauhitaji. Ninachotaka kujua ni utunzaji wake, maana Kasarani haikuharibiwa na wageni. Ilichakaa kwa sababu hakuna aliyetenga fedha za kuitunza baada ya sherehe kwisha. Kuna nchi nyingine iliyowahi kujenga viwanja vya mashindano kisha ikashindwa kuvilisha?

Mdhamini wa Akiba

Ndugu Mwana Kaloleni, na wewe Mzee, nawashukuru. Nimekaa kwa miaka kadhaa katika bodi ya wadhamini wa mfuko mdogo wa pensheni, kwa hiyo nitaeleza jinsi biashara hii inavyoonekana kwa mwenye fedha, kisha mnisahihishe.

Kwanza, mkopo huu ni wa shilingi. Wengi mtakumbuka hatifungani ya dola bilioni 2 iliyotakiwa kulipwa Juni 2024. Tulipoikopa mwaka 2014 dola moja ilikuwa chini ya shilingi 91, na kufikia Januari 2024 ilikuwa imepanda hadi karibu 160, nchi nzima ikishikwa na hofu ya kushindwa kulipa. Ilibidi mwezi Februari serikali iende tena sokoni kuchukua dola bilioni 1.5 kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10 ili kulipia sehemu ya mkopo wa kwanza. Deni la dola hupanda wakati umelala. Deni la shilingi halina tabia hiyo, na faida yake inabaki humu humu nchini, kwa mwalimu mstaafu na kwa karani ambaye akiba yake imewekezwa humo.

Pili, kandarasi ambayo fedha zake zimekwisha kukusanywa haisimami katikati. Mnajua kilichotokea kwa viwanja vingi vya kaunti: nguzo zinainuka, bajeti ya mwaka inakwisha, mwanakandarasi anafunga lango, nyasi zinaota ndani ya jukwaa, na miaka mitano baadaye kazi inaanza upya kwa bei maradufu. Ucheleweshaji nao ni deni, ila hakuna anayeuandika kwenye vitabu. Kenya, Uganda na Tanzania zimeahidi kuandaa AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027 kwa pamoja, na tarehe hiyo haitatusubiri.

Ninakubaliana nawe kwamba asilimia 15.04 ni bei ya juu. Sisi wanunuzi tuliifurahia, na hilo peke yake linatosha kuwafanya ninyi walipaji mtafakari.

Mwana Kaloleni

Nakushukuru, Mdhamini, kwa kusema wazi ulipokaa. Nami nimechukua karatasi na kikokotoo nikafanya hesabu ya mtu wa kawaida. Tuchukulie kwamba mkopo huu ulipwe kwa mafungu yaliyo sawa, mara moja kila mwaka kwa miaka 15, kwa kiwango cha asilimia 15. Kila mwaka zingehitajika takriban shilingi bilioni 7.66, na mwisho wa miaka hiyo tungekuwa tumelipa kama bilioni 115 kwa kitu kilichokopewa bilioni 44.79. Ratiba ya mafungu ikipangwa kwa namna nyingine tarakimu zitasogea kidogo, lakini ukubwa wa mzigo ni huo.

Uwanja una viti 60,000. Gawanyeni wenyewe: kila kiti kimekopewa karibu shilingi 746,000, na kila kiti kinadai zaidi ya shilingi 127,000 kwa mwaka kabla hakijafutwa vumbi. Tikiti ya kawaida ya ligi tumezoea kuinunua kwa shilingi 200. Uwanja ukijaa pomoni kwa bei hiyo yanapatikana mapato ya mlangoni ya shilingi milioni 12. Ligi Kuu ya timu 18 ina mechi 306 kwa msimu mzima. Hata kama kila mechi ya ligi, ya kila timu, kuanzia Kakamega hadi Mombasa, ingechezewa Talanta huku viti vyote vimejaa, na hata kama klabu zetu zisingechukua senti moja ya mlangoni, zingepatikana bilioni 3.67. Hiyo haifiki nusu ya fungu la mwaka mmoja.

Kwa hiyo tukubaliane mapema kwamba uwanja huu hautajilipa kwa mpira wa ligi. Simaanishi kwamba usijengwe. Barabara nayo haijilipi yenyewe, na hospitali haijilipi. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba uwanja "utajilipia", kwa sababu neno hilo linatufanya tusiulize ni mfuko gani utakaofunguliwa.

Mzee, umeuliza kuhusu nchi nyingine. Ureno ilijenga na kukarabati viwanja kumi kwa ajili ya Euro 2004. Mji wa Leiria ulipata uwanja wa watazamaji zaidi ya 20,000 na klabu isiyoweza kuujaza hata robo. Mwaka 2011 manispaa iliyoelemewa na deni ilijaribu kuupiga mnada kwa yuro milioni 63, na hakutokea mnunuzi hata mmoja. Ninautaja kwa sababu Leiria haikuibiwa na mtu. Ilifuata furaha ya mwezi mmoja ikasahau kuhesabu miaka iliyofuata.

Shemeji wa Ingwe

Mashemeji, mimi ni wa AFC Leopards, na leo sikuja kwa ugomvi. Tangu 1998 hatujachukua ubingwa wa ligi, kwa hiyo uvumilivu tumejifunza.

Nina jambo moja tu. Klabu zetu mbili kongwe, moja iliyoanzishwa 1964 na nyingine 1968, hazimiliki uwanja hata mmoja. Tunakodi. Siku ya mechi ya mashemeji tunalipia uwanja, tunalipia walinzi, tunalipia gari la wagonjwa, na kinachobaki kinagawanywa kabla mchezaji hajaona mshahara wake. Uwanja uliojengwa kwa mkopo wa asilimia 15 utatutoza kodi ya siku kiasi gani? Kama bei itapangwa ili kusaidia kulipa deni, sisi hatutaingia kabisa, tutarudi viwanja vya Machakos na Dandora, na Talanta itabaki ya matamasha na mikutano ya siasa. Kama bei itakuwa ya chini ili tuingie, basi pengo litazibwa na hazina. Vyovyote iwavyo, Mkenya analipa. Ningependa walau alipe akijua.

Mama wa Kibanda, Umoja

Hamjambo wazee na vijana wa K'Ogalo. Mimi si msemaji sana, lakini mmetaja kamari, nami kamari huiona kila siku ikipita mbele ya macho yangu. Nina kibanda cha M-Pesa karibu na kituo cha matatu hapa Umoja.

Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana ndiyo saa zangu za kazi nyingi. Kuna kijana fundi wa pikipiki ambaye huja na noti moja ya shilingi 100 iliyokunjwa mara nne, mikono yake ikiwa na grisi hadi kwenye viwiko. Huniomba nimwekee kwenye simu, husogea hatua mbili pembeni, hubonyeza tarakimu huku akiangalia saa, kwa sababu mechi inakaribia kuanza. Tangu Julai 2025 anapoingiza shilingi 100 kwenye akaunti ya kamari, shilingi 5 hukatwa kama ushuru papo hapo, na akibahatika kushinda, anapotoa fedha hukatwa tena asilimia 5. Juma moja alikuja na mtoto wake wa kike aliyevaa sare za shule. Alinunua paketi ya maziwa duka la jirani, akahesabu chenji, akaniletea shilingi 40 zilizobaki.

Sikuweza kumkemea, kwa kuwa ni mtu mzima na ni mteja wangu. Lakini mnaposema kwamba uwanja utalipwa kwa kodi za kamari kwa miaka 15, mimi namwona yeye. Mtoto yule atakuwa amemaliza shule ya sekondari na baba yake atakuwa bado anatarajiwa kucheza. Mwezi Aprili 2025 serikali hiyo hiyo ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, ikisema vijana wanaangamia, nami nilishukuru. Sasa naomba mnieleze: siku fundi wangu akiamua kuacha, uwanja utalipwa na nani?

Mwana Kaloleni

Dada yangu, umelifikisha jambo pale ambapo mimi nililizunguka kwa tarakimu. Nitakujibu kwa tarakimu moja zaidi, halafu nitanyamaza kidogo.

Mbali na ushuru unaomkata mchezaji, kampuni za kamari hutozwa kodi ya asilimia 15 ya kile kinachobaki baada ya kuwalipa washindi. Kile kinachobaki ni jumla ya hasara ya watu wote waliocheza. Ikiwa tungetaka kodi hiyo peke yake ilete bilioni 7.66 kwa mwaka, Wakenya wangelazimika kupoteza zaidi ya shilingi bilioni 50 kila mwaka, kwa miaka 15 mfululizo. Na kila mmoja wetu anajua kwamba Hazina ya Michezo ina watoto wengine wa kulisha: safari za timu za taifa, zawadi za wanariadha wetu, wasanii. Mkopo ukishawekewa ahadi ya kulipwa kwanza, hao wengine hula makombo.

Tena sisi wa Gor Mahia ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kuamini kwamba fedha za kamari ni mwamba wa kujengea. Januari 2018 kodi ya kamari ilipopandishwa hadi asilimia 35, SportPesa, kampuni ya kamari iliyotudhamini, ilisitisha udhamini wake nchini, nasi tukaachwa na jezi bila mshahara. Ilirudi baadaye. Julai 2017 tulikuwa tumecheza na Everton ya Uingereza jijini Dar es Salaam, Novemba 2018 tukacheza nayo tena kwao Goodison Park, tukajiona tumefika. Mwaka 2019 leseni zikazua mvutano, udhamini ukaondoka mara ya pili, na hayo madeni ya wachezaji na makocha yaliyotunyima leseni ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF) mwaka 2023 yalianza kukua katika miaka hiyo ya ukame. Fedha za kamari hupanda na kushuka kwa uamuzi wa siku moja bungeni. Ikiwa klabu iliyumba kwa kukosa udhamini wa misimu miwili, nashindwa kuona ni kwa imani gani ahadi ya miaka 15 inafungwa juu ya msingi huo huo.

Mvuvi wa Mbaraki

Shikamoo Mzee, na salamu kwa wenzangu wote. Mimi ni wa Mombasa, timu yangu ni Bandari, lakini mjadala huu unatuhusu sote.

Kabla ya uchaguzi wa 2013 tuliahidiwa viwanja vitano vya kimataifa, na mji wetu ulikuwa mmoja wa iliyotajwa. Uwanja wetu wa manispaa ulifungwa ili ujengwe upya, na miaka imepita tukiwa tunabanana katika uwanja wa Mbaraki. Kwa hiyo ninapoona bilioni 44 zimepatikana kwa mkupuo kwa uwanja wa tatu mkubwa jijini Nairobi, moyo unaniuma, sitaficha. Fundi wa pikipiki wa Changamwe anakatwa zile zile shilingi 5 anazokatwa wa Umoja.

Jambo la pili ni la nyumbani kwetu. Ndugu yangu alikuwa na lori mbili na alipeleka kokoto kwa kazi ya uwanja wa kaunti moja ambayo sitaitaja. Alipewa hati za kupokelewa kwa mzigo zenye muhuri, akazihifadhi ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro. Alikuwa amekopa benki kununua dizeli na matairi, kwa kuwa aliamini serikali hulipa. Lori la kwanza liliuzwa kwa mnada, la pili aliliuza mwenyewe kabla halijafuatwa. Bahasha ile angali nayo. Hilo nalo ni deni la umma, ila halihesabiwi katika trilioni 11.8 mnazozitaja, na mdai wake hana soko la hisa la kumsemea. Mnunuzi wa Linzi ana asilimia 15 na sheria ya kumlinda. Ndugu yangu ana muhuri.

Mdhamini wa Akiba

Ndugu yangu wa Mbaraki, nimeisoma habari ya nduguyo mara mbili. Sina cha kuitetea.

Naomba nikiri jambo kuhusu swali la kwanza la Mwana Kaloleni, ambalo nililipita kando. Mpango kama wa Talanta umetumika pia kwenye barabara: katika shilingi 25 za tozo ya matengenezo ya barabara ambazo kila mmoja wetu hulipa kwa lita ya mafuta, shilingi 7 zimewekwa rehani ili kupata bilioni 175 za kuwalipa wanakandarasi. Wanaotetea mpango huo husema si deni la taifa, kwa kuwa serikali haikukopa kwa jina lake. Mimi nikiwa mwekezaji nilijiuliza swali moja tu kabla ya kupiga kura katika bodi yetu: Hazina ya Michezo ikipungukiwa, je, serikali itakubali uwanja wa taifa uingie aibu mbele ya wadai? Nilijijibu kwamba haitakubali, itafidia. Nilipiga kura tununue kwa sababu hiyo. Basi kama mimi nimenunua nikimtegemea mlipa kodi nyuma ya pazia, nikisema mbele yenu kwamba hili si deni lake nitakuwa nawadanganya. Lihesabiwe pamoja na mengine. Likihesabiwa litaingia chini ya kikomo ambacho sheria imeweka tangu 2023, kwamba deni, likipimwa kwa thamani yake ya sasa, lisizidi asilimia 55 ya pato la taifa, na mbunge ataulizwa kulihusu. Lisipohesabiwa, litakua gizani.

Hilo halibadilishi imani yangu kwamba mkopo wa shilingi, wenye kazi inayoonekana kwa macho, ni bora kuliko mikopo mingi tuliyowahi kuchukua.

Shemeji wa Ingwe

Mdhamini, nakupa mkono. Katika klabu zetu sijawahi kumsikia kiongozi akieleza namna hiyo alivyofikia uamuzi wa fedha.

Mwana Kaloleni

Nami nakupa mkono. Nitaeleza sasa nilichokusudia tangu mwanzo, maana nimekipata vizuri zaidi kwa kuwasikiliza.

Tarehe 25 Juni 2024 vijana wa nchi hii waliingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, wengine hawakurudi nyumbani, na kesho yake mswada ukaondolewa. Walikuwa wamesoma vifungu kimoja kimoja, kuanzia mkate hadi mafuta ya kupikia. Wengi wao walikuwa wamevaa jezi za timu, zetu na za nje. Baada ya hapo kodi ya wazi imekuwa ngumu kupitisha, na nadhani ndiyo sababu mikopo ya aina hii inapendwa zaidi: haiji na mswada wenye jina baya, inakuja na picha ya uwanja unaong'aa usiku. Sisi wapenzi wa mpira ndio tunaoonyeshwa picha hiyo, kwa hiyo sisi ndio tunaopaswa kuuliza kwanza.

Lakini siwezi kumuuliza Waziri wa Fedha swali ambalo sijamuuliza mwenyekiti wa klabu yangu. Jumapili hii tawi letu linakutana. Nimeomba nafasi nitoe hoja kwamba kabla ya mkutano mkuu ujao klabu isomewe wanachama orodha ya kila anayetudai, kiasi anachodai, na tarehe ambayo mkataba wake ulivunjwa. Nimeomba vilevile mkataba wowote mpya wa kocha au mchezaji wa kigeni utajwe gharama yake yote, pamoja na ya kuuvunja, kabla haujatiwa saini. Na tatu, tawi liandike barua kwa wasimamizi wa Hazina ya Michezo kuomba ratiba kamili ya malipo ya Talanta, mwaka kwa mwaka, na kiasi ambacho klabu ya ligi itatozwa kwa siku moja ya mechi. Shemeji, nitafurahi kama tawi lenu la Ingwe litaitia saini barua hiyo pamoja nasi. Dada wa Umoja, ukiruhusu, nitamtaja fundi wako bila jina.

Maswali hayo nimeyaandika katika daftari jekundu, ukurasa unaofuata orodha ya michango ya 2023.

Mama wa Kibanda, Umoja

Mtaje. Na mkisharudi na ratiba hiyo, niletee nakala niibandike kibandani, pale wanaposubiri zamu.

Mzee wa Themanini na Saba

Nitakuja Jumapili, mwanangu, hata miguu ikikataa. Uniachie nafasi ya swali la nne katika daftari hilo: AFCON ikishaondoka, kuanzia mwaka 2028, ni nani atakayelipia nyasi, maji na umeme wa Talanta, na fungu hilo limeandikwa wapi?